Marejeo ya Msafiri: Historia ya Kurudi Nyuma katika Programu za Simu

Kwenda ni jambo moja, na kurudi ni jambo la pili. Watu wengi huisifu safari kwa mahali ilipofika. Wachache huuliza msafiri alirudi kwa njia gani. Lakini mzazi anayemuaga mwanawe hataki kujua siku ya kufika tu. Hutaka kujua na siku ya kurejea, na pengine hilo la pili ndilo linalomkosesha usingizi. Chombo kidogo kinachochukuliwa mfukoni siku hizi, yaani simu, kina historia yake juu ya jambo hili. Historia hiyo haisimuliwi sana, kwa kuwa vitu vyake ni vidogo kwa umbo: kitufe kimoja, mshale mmoja, neno moja lisemalo "Rudi". Walakini ndani ya neno hilo yamo mabishano ya miaka themanini juu ya swali moja: njia ya kurudi ni mali ya nani, ya msafiri au ya yule aliyeitengeneza njia?

Nchi ya Machame, katika mteremko wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, ni mahali pafaapo kulitazamia swali hilo, maana ni nchi ya njia za kupanda na kushuka. Mwaka 1849 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, alifika huko mara ya pili akiwa na nia ya kupita kwenda mbali zaidi, hata Unyamwezi. Safari ilikoma Machame. Mali aliyochukua kwa ajili ya njia ilimwishia mikononi mwa Mangi Mamkinga, na mbele hapakuwa na njia tena ila kurudi pwani. Msafiri yule aliona kwa taabu jambo ambalo watengenezaji wa programu waliliona karne moja na nusu baadaye: njia ya mbele ikifungwa, heri ya mtu hutegemea kama ya nyuma ingali wazi, na kama anaikumbuka.

Siku hizi Machame inajulikana kwa wageni wengi kwa sababu ya njia ya kupandia mlima ichukuayo jina lake. Mpandaji huanza katika lango lililo kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, hulala kambi ya kwanza karibu na mita 3,000, kisha Shira, kisha hupita Mnara wa Lava katika mita 4,600 na ushei, hushuka tena Barranco, hupita Karanga, hufika Barafu, na usiku hupanda kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Katika kila kambi huandika jina lake kitabuni. Lakini kwa taratibu ya hifadhi, aliyepanda kwa Machame harudi kwa Machame. Hushuka kwa njia ya Mweka, akatokea lango jingine kabisa. Wapo na wengine waliopanda kwa njia ya Lemosho, kutoka magharibi. Hao hukutana na watu wa Machame kabla ya Mnara wa Lava, na toka hapo huwa njia moja. Watu wawili, basi, husimama mahali pamoja, juu ya jiwe moja, wakitazama ukungu mmoja. Walakini neno "nyuma" kwa kila mmoja lina maana yake. Mambo haya mawili, kwamba mahali pamoja huwa na nyuma mbili, na kwamba safari nyingine haifai kurudiwa kwa njia iliyoendewa, ndiyo kiini cha elimu yote ya kurudi nyuma katika programu za simu.

Asili ya elimu hiyo ni ya zamani kuliko simu. Mtambo wa kompyuta hufanya kazi moja ndani ya nyingine: huanza hesabu, hukatiza, huenda kufanya hesabu ndogo, kisha hutakiwa kurudi pale pale ulipoachia. Ukisahau ulipoachia, kazi yote imepotea. Alan Turing, Mwingereza, katika andiko lake la miaka ya 1945 na 1946 juu ya mtambo ulioitwa ACE, aliliona tatizo hilo akatoa dawa yake. Alisema alama ya mahali pa kurudia izikwe, na wakati wa kurudi ifukuliwe. Maneno aliyoyachagua ni hayo hasa, kuzika na kufukua. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Munich, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliomba hataza ya ubunifu wa namna hiyo hiyo, nao wakaiita kwa neno la Kijerumani lenye maana ya chumba cha akiba kilicho chini ya nyumba. Mwaka huo huo Charles Hamblin wa Australia alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe.

Wazo lenyewe si gumu. Katika ghala la kahawa magunia hupangwa moja juu ya jingine. Gunia la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kuondolewa, na la kwanza kuwekwa hukaa chini ya yote mpaka mwisho. Hapana awezaye kulichomoa la chini bila kuyaondoa yaliyo juu yake, ila akitaka kuangukiwa. Rundo la namna hiyo ndilo kumbukumbu ya njia. Kila hatua ya kwenda ni gunia linaloongezwa. Kila hatua ya kurudi ni gunia linaloondolewa. Na lile la chini kabisa ni nyumbani.

Kwa miaka mingi rundo hilo lilikuwa siri ya mtambo, na mtumiaji hakulijua. Lilikuja kuonekana kwa macho pale kurasa za intaneti zilipoenea. Tim Berners-Lee alitengeneza programu ya kwanza ya kusomea kurasa hizo mwaka 1990, na programu iitwayo Mosaic ilipotolewa mwaka 1993 watu wengi walizoea vitufe viwili, kimoja cha kurudi na kimoja cha kwenda mbele. Mwaka 1995 watafiti Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wasomaji wa kurasa hizo. Waliona kwamba katika kila matendo mia ya kusafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa, 52 yalikuwa ya kufuata viungo, na 41 yalikuwa ya kubonyeza kitufe cha kurudi. Hesabu hiyo yafaa kutafakariwa. Watu walidhani chombo kile kimeundwa kwa ajili ya kwenda. Kumbe karibu nusu ya kazi yake ni kurudi.

Mwaka uliofuata, 1996, Andy Cockburn na Steve Jones walionyesha jambo jingine. Watumiaji wengi hawakuelewa kitufe kile kinafanya nini. Walidhani kinaweka orodha ya kila mahali walipopita, kama kitabu cha kambini. Sivyo. Kiliweka rundo. Mtu akienda ukurasa wa pili, kisha wa tatu, akarudi wa pili, akachagua kiungo kipya, ule wa tatu uliondolewa katika rundo, wala kitufe hakikuweza tena kumpeleka huko. Msafiri alikumbuka amefika mahali fulani; chombo kilisema hapajulikani. Hapo ndipo palipoanza ugomvi kati ya kumbukumbu ya mtu na kumbukumbu ya mtambo, na ugomvi huo haujesha hata leo.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa mlango wake wenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu kwa miaka mingi kabla ya kulegezwa. Kwa hiyo kizazi kizima hakikupata nafasi ya kuzoea kitufe cha kurudi juu ya meza ya ofisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, zikaitwa Jambo OpenOffice; lakini wakati huo simu ilikwisha kuitangulia kompyuta kufika vijijini. Kwa watu wengi wa migombani Machame, kompyuta ya kwanza kuishika mkononi ilikuwa simu, na programu ya kwanza yenye uzito ilikuwa menyu ya pesa.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008 kwa mkono wa Vodacom. Kenya menyu ilikaa ndani ya kadi ya simu. Tanzania ilitumia njia iitwayo USSD: mtu hupiga nyota, tarakimu na alama ya reli, na mtandao humjibu kwa maneno machache juu ya kioo, yasiyozidi herufi 182. Huchagua 1, huletewa orodha nyingine. Huchagua 3, huletewa nyingine tena. Huandika namba ya anayepelekewa, kisha kiasi, kisha namba ya siri.

Katika mpango huo rundo la safari halimo katika simu. Limo kwenye mtambo wa kampuni, mbali, nao hulishika kwa muda mfupi tu. Mtu akichelewa, au mawimbi yakikatika, rundo lote hutupwa, naye hutakiwa kuanza upya toka mwanzo. Baadhi ya menyu humpa tarakimu ya kurudia hatua moja. Nyingine hazimpi, na mwenye kukosea namba katika hatua ya nne hana ila kuzikata zote. Hapa pana jambo lenye uzito kweli. Bibi aliye Machame, aliyetumiwa pesa za dawa na mwanawe aliye Dar es Salaam, akitaka kulipa mahali na mawimbi yakakatika baada ya namba ya siri, hajui kama amelipa au hajalipa. Akirudia, yamkini amelipa mara mbili. Asiporudia, yamkini hajalipa kabisa. Ndiyo maana ujumbe mfupi wa kuthibitisha, wenye namba yake ya muamala, ukawa na heshima kubwa kuliko menyu yenyewe. Watu huuhifadhi kama stakabadhi. Menyu ni njia, na njia haikumbuki. Ujumbe ndio kitabu cha kambini.

Wakati huo huo simu za namna mpya zilikuwa zikizaliwa Marekani. Apple ilitoa iPhone mwaka 2007 ikiwa na kitufe kimoja usoni, nacho kilikuwa cha kwenda mwanzo, si cha kurudi. Kurudi kuliachiwa kila programu, kwa mshale ulioandikwa pembe ya juu ya kushoto. Mwaka 2008 ikatoka simu ya kwanza yenye Android, iliyotengenezwa na HTC, nayo ilikuwa na kitufe halisi cha kurudi, cha kubonyezwa kwa kidole, chenye kufanya kazi katika programu zote. Huo ulikuwa mgawanyiko wa fikira, wala si wa umbo tu. Upande mmoja ulisema: mwenye programu ndiye ajuaye njia zake, basi na aweke mlango wa kutokea. Upande wa pili ulisema: msafiri lazima awe na haki ya kurudi popote alipo, hata mwenye nyumba akisahau kuweka mlango.

Katika Android kila skrini iliitwa aktiviti, na aktiviti zilipangwa katika rundo. Programu moja iliweza kufungua skrini ya programu nyingine, kama barua inavyofungua picha, na zote zikakaa katika rundo moja la kazi moja. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini lilizaa matatizo mengi. Skrini moja ilifunguliwa mara tano, na mtumiaji akabonyeza kurudi mara tano akiiona ile ile. Mtu aliyekwisha kujitambulisha kwa neno la siri alirudi nyuma akaikuta skrini ya kujitambulisha inamngoja tena, kana kwamba hakuwahi kuingia. Mafundi wakapewa kanuni za kuzuia hayo: skrini iliyo juu isifunguliwe mara ya pili, skrini ya kuingilia iondolewe mtu akishaingia.

Mwaka 2011 Android ilitoa toleo la simu pana, na vitufe vya chuma vikaanza kuhamia ndani ya kioo. Pamoja nalo likaja neno jipya, "Juu". Mafundi waliambiwa wapambanue mambo mawili. "Rudi" humpeleka mtu alikotoka, kwa taratibu ya muda. "Juu" humpeleka kwenye skrini iliyo mzazi wa ile aliyopo, kwa taratibu ya ukoo wa programu. Watu wengi, pamoja na mafundi wenyewe, walichanganya hayo mawili. Walakini mfano wa mlimani huyafungua. Mpandaji aliyesimama katika Mnara wa Lava akitoka Lemosho, "Rudi" kwake ni Lemosho. Na aliyetoka Machame, "Rudi" kwake ni Machame. Lakini wote wawili wana njia moja ya kushukia iliyowekwa na hifadhi, wala haiulizi wametoka wapi. Hiyo ndiyo iliyoitwa "Juu". Na hapo mfasiri wa Kiswahili hupata taabu, maana kwa mtu wa Kilimanjaro juu ni kuelekea theluji, mbali na nyumbani. Katika programu juu ni kuelekea nyumbani. Neno lililotafsiriwa sawasawa kwa kamusi laweza kumpoteza mtu kwa akili.

Tatizo la tatu lilikuwa la taarifa. Simu hulia, na ujumbe husema: umepokea pesa. Mtu hubonyeza, akajikuta katikati ya programu, ndani kabisa, bila kupita mlangoni. Akibonyeza kurudi aende wapi? Rundo lake ni tupu. Mwaka 2012 mafundi wa Android walipewa chombo cha kumtengenezea mtu huyo rundo la kubuni: skrini ya mwanzo chini, orodha ya miamala juu yake, na muamala wenyewe juu kabisa, kana kwamba aliingia kwa miguu yake. Ni historia ya kutungwa, lakini imetungwa kwa ajili ya kumsaidia msafiri asianguke.

Tatizo la nne, ambalo watu wa simu za bei nafuu wanalijua zaidi, ni usahaulifu. Simu yenye kumbukumbu ndogo haiwezi kuzishika programu zote kwa pamoja. Mtu akitoka katika moja kwenda kupokea simu, mtambo huweza kuiua ile ya kwanza kimya kimya. Android huhifadhi rundo la majina ya skrini, lakini mengi ya yale yaliyomo ndani yake hayahifadhiki ila fundi akiwa ameyaweka akiba kwa makusudi. Fundi anayefanya kazi na simu ya gharama, mezani kwake, hawezi kuliona kosa hilo. Anayeliona ni mkulima aliyejaza fomu ndefu, akapigiwa simu na jirani, akarudi akaikuta fomu tupu. Mwaka 2017 Google ilitangaza namna ya Android kwa simu ndogo kama hizo. Walakini wepesi wa mtambo hauondoi wajibu wa fundi.

Miaka iliyofuata ilileta zana nyingi. Mwaka 2018 Google ilitoa maktaba ya kuchora njia zote za programu mahali pamoja, mfano wa ramani, na mwaka huo huo Flutter, iliyowavuta vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaojifunza kutengeneza programu, ilifika toleo lake la kwanza kamili ikiwa na rundo lake la kuongeza na kupunguza skrini. Mwaka 2019 kitufe cha kurudi kilianza kutoweka kabisa katika Android, kikageuka kuwa ishara ya kidole kutoka ukingo wa kioo. Apple walikuwa na ishara ya namna hiyo tangu mwaka 2013. Pande mbili zilizoanza mbali zikakaribiana. Mwaka 2022 ikaja Android yenye uwezo wa kumwonyesha mtu mahali atakaporudi kabla hajaachilia kidole, ili achague kurudi au kubaki. Na mwaka 2025 ikatangazwa maktaba mpya ambayo ndani yake rundo ni orodha ya kawaida, iliyo mkononi mwa fundi mwenyewe, aongeze na apunguze apendavyo.

Hapo swali la kwanza linarejea kwa nguvu. Uhuru mkubwa umepewa fundi. Je, msafiri amepata nini? Fundi mwenye rundo lote mkononi aweza kulitumia kwa wema au kwa ubaya. Zimo programu ambazo mtu akitaka kutoka hurudishwa kwenye tangazo, na skrini ambazo kurudi hakufanyi lolote. Njia ya namna hiyo ni mtego. Kwa upande mwingine, zimo njia ambazo kufungwa kwake ni huruma. Mtu aliyekwisha kuthibitisha malipo hafai kurudi kwenye skrini ya kuthibitisha, maana kidole kimoja cha bahati mbaya kingemlipisha tena. Fundi mwema huziondoa skrini zote za malipo katika rundo, akamweka mtu katika skrini ya stakabadhi, ambayo nyuma yake ni nyumbani tu. Tena mtambo wa kampuni huupa kila muamala namba yake, ili ombi lile lile likifika mara mbili litambuliwe kuwa ni moja. Huo ndio ushukaji wa Mweka: msafiri aliyefika kilele hapitishwi tena alikopandia, wala haonewi kwa kufanyiwa hivyo, kwa sababu mwisho wa njia ile ni lango, si shimo.

Tofauti ya mtego na huruma, basi, haimo katika kufungwa kwa njia wala katika kufunguliwa kwake. Imo katika mambo matatu: msafiri ajue mapema njia ipi itafungwa, mahali anapopelekwa pawe karibu na nyumbani kuliko alipokuwa, na alichokifanya njiani kiwe kimeandikwa mahali anapoweza kukisoma. Menyu ya USSD ilishindwa katika la pili, ikaokolewa na la tatu. Kitufe cha kwanza cha Android kilishinda katika la pili, kikashindwa mara nyingi katika la kwanza, kwa kuwa mtu hakujua kitampeleka wapi. Ishara ya mwaka 2022 ni jaribio la kulipa deni hilo la kwanza, baada ya miaka kumi na minne.

Wachaga wanayo desturi ijulikanayo nchi nzima: mwezi wa Desemba waliotawanyika katika miji hurejea migombani. Barabara ya Moshi hujaa, na vihamba vilivyokuwa na wazee peke yao hujaa watoto. Hapana mmoja wao arudiye kwa kupitia tena kila mji aliowahi kukaa. Mwana aliyetoka Machame kwenda Arusha, kisha Dodoma, kisha Dar es Salaam, hurudi kihambani moja kwa moja, akiyaruka yote ya katikati, kwa kuwa la chini ya rundo halikuondolewa wakati yaliyo juu yake yakiongezwa. Mafundi wa programu wameitafuta kanuni hiyo tangu Turing alipozungumza habari ya kuzika na kufukua. Zana zitabadilika tena, na majina yake yatasahauliwa na wanafunzi watakaokuja. Lakini atakayezitengeneza hatakwepa kuulizwa kama mtu aliyeingia katika kazi yake akiwa na haja, na pesa kidogo, na simu yenye mawimbi hafifu, aliweza kutoka salama.